Chumba Kisicho na Mlango

Kitendawili! Semeni tega, hata kama mko peke yenu. Chumba changu hakina mlango wala dirisha, lakini nchi nzima imo ndani, inacheka.

Msijisumbue. Jibu lake halipatikani kwa kukuna kichwa, mpaka uwe umezaliwa katika nchi ile. Jina lake tuliache. Waliomo wanajijua, na waliotoka hawapendi kuulizwa. Ilikuwa nchi ya miwa, ya ardhi tamu, ukichomeka fimbo asubuhi jioni inachipua. Katikati ya miwa palikuwa na mji ukiitwa Mvukeni, na katikati ya mji kinu cha sukari cha Kampuni Kuu. Ndani ya kinu mlikuwa na tanuri, na mbele ya tanuri alisimama mtu akilisha moto makapi ya miwa. Mtu huyo ni Mbaruku, mume wa Mashavu. Na huyo Mashavu ndiye mwenye hadithi.

Zamani za karibu, zamani za juzijuzi tu, habari katika nchi ile zilikuwa zikitafutwa. Mwandishi alivaa viatu, akaenda, akauliza, akafukuzwa na mbwa, akarudi kuandika. Kampuni Kuu ilipoona mateso hayo iliwaonea waandishi huruma, ikafungua Chumba cha Habari cha Mtandaoni. Humo Kampuni ilijiuliza maswali yenyewe, ikajijibu yenyewe, kisha ikajishukuru kwa majibu mazuri. Na picha ziliwekwa pembeni, kubwa, za bure, kila mtu ndani yake anacheka. Mwandishi hakuwa na haja ya viatu tena. Alinakili tu, akaenda kulala.

Aliyekuja kukifungua ni Waziri wa Habari Njema. Kwa kuwa chumba chenyewe hakikuwa na mlango, utepe ulifungwa kwenye kompyuta. Waziri alikata utepe, na kwa mkasi huohuo akakata waya wa umeme. Kioo kikazima. Hadi fundi alipopatikana, hakuna jambo lolote lililotokea katika nchi.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, huku amesimama kwenye giza, "mmejionea wenyewe. Chumba kimefunguliwa sasa hivi, na tayari nchi imetulia."

Watu wakapiga makofi. Mengine yalikwenda haraka. Magazeti yaliuza viti vyake. Redio ya taifa ikabaki na mtangazaji mmoja, Lugome, mwenye sauti laini kama maziwa ya moto, kazi yake kusoma kilichotoka Chumbani. Halafu ikatungwa sheria fupi sana: habari iliyotoka Chumbani ni habari, isiyotoka Chumbani ni umbea, na mwenye umbea atalala ndani.

Wananchi walizoea. Daraja la Mto Kombo liliposombwa na mafuriko, Chumba kiliandika kwamba limekwisha tengenezwa. Basi halikuweza kutengenezwa tena. Daraja zima mtu ataanzaje kulitengeneza? Watu walivuka kwa mitumbwi, pembeni ya daraja, wakilisifia.

*

Asubuhi moja Mashavu alikuwa uani akianika nguo, na jirani yake Chausiku alikuwa upande wa pili wa ua anageuza vitumbua vyake vya kuuza. Kikapiga kishindo. Kuku waliruka, bati la choo likafunguka kama ukurasa, na wingu jeupe likapanda kutoka kinuni.

"Nini hicho, shoga?" Mashavu aliuliza.

Chausiku hakutazama juu. Alifuta mafuta mkononi, akachukua simu. Katika nchi ile ukisikia kishindo hugeuki kule kilikotoka. Unatazama simu, ikwambie umesikia nini.

"Ngoja, kinazunguka… Haya! 'Kampuni Kuu yazindua kwa mafanikio njia mpya ya kutolea mvuke. Njia hiyo, ya kwanza ya aina yake, inapitia paani. Hakuna aliyeumia. Wafanyakazi wote wameonyesha furaha isiyo kifani.' Na picha ya mkurugenzi, meno yote nje."

"Kumbe uzinduzi!"

"Uzinduzi, shoga yangu. Na wa mvuke si ndiye mumeo? Piga kigelegele, unangoja nini?"

Mashavu alikuwa na kigelegele kinachosifika Mvukeni nzima. Harusi isiyo na kigelegele chake ilionekana haijatimia. Basi alitua beseni, akaweka mkono mdomoni, akakipiga chote, hakubakiza. Chausiku akakipokea, nyumba ya tatu wakakipokea, kikazunguka mtaa mzima mpaka kwenye ukuta wa kinu, kikarudi.

Alikuwa bado anahema na kucheka alipowaona wanaume wa zamu ya Mbaruku. Walikuwa wanasukuma mkokoteni wa miwa, na juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa kwa magunia ya sukari. Walipofika mlangoni walivua kofia.

Kigelegele kile, tangu saa ile hadi leo, Mashavu angetoa chochote akirudishe kooni.

*

Walimpeleka hospitali. Daktari aliinua gunia, akatazama, akalishusha taratibu. Kisha akageukia kompyuta yake, akasoma kwa muda mrefu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi macho ninayo. Lakini friji letu la maiti ni la msaada wa Kampuni Kuu. Unaiona nembo? Nikimlaza humo mtu ambaye Chumbani imeandikwa hakuumia, nitaulizwa anatafuta nini kwenye friji."

"Kwani huyu amelala, daktari?"

"Sijasema amelala. Sijasema chochote, mama. Mimi na wewe hatujaonana."

Mbaruku akarudishwa nyumbani. Wakamlaza chumba cha ndani juu ya mkeka, na chini ya mkeka wakapanga barafu waliyoinunua kwa wauza juisi ya miwa. Nje jua lilikuwa kali, na barafu ya nchi ile, kama mambo mengi ya nchi ile, haikuwa na subira.

Sasa sikilizeni mila yao. Kwao mwana hafunikwi kabla mama aliyemzaa hajatupa udongo wa kwanza. Mama akiwa hai na asitupe, wanasema marehemu atabaki amesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Na mama yake Mbaruku alikuwa hai sana. Bi. Siwema, mfugaji wa ng'ambo ya Mto Kombo, ndiye huyo aliyemzuia Mashavu mlangoni siku ya harusi yake na kumtegea vitendawili mpaka bibi harusi akatokwa jasho na rangi za uso, akasema, "Mjinga simpi mwanangu." Tangu siku ile walipendana. Wakikutana salamu hazikuisha bila kitendawili.

Mume wa Chausiku alivuka mto kwenda kumwita. Alirudi peke yake.

"Amekataa," alisema. "Kaniambia: 'Mtu akifa hutangazwa. Mwaka wa ukame walikuja waongo wakaniambia kaka yangu amefariki. Nikaenda mbio na kilio changu, nikamkuta kaka anakula muhogo. Kurudi nyumbani, ng'ombe hakuna, wameswagwa. Tangu hapo namlilia aliyetajwa na redio tu. Mbaruku akitajwa nitakuja. Asipotajwa ni mzima, mpe salamu zangu.'"

Mashavu aliingia chumba cha ndani. Alikaa kidogo. Alipotoka alijifunga kanga kiunoni, akaenda redioni.

Lugome alimpokea vizuri, kwa sauti yake ile ya maziwa. "Dada Mashavu, zamani ningekusomea. Matangazo ya vifo ndiyo yaliyonipa jina. Watu walikuwa wakisema, afadhali kufa utajwe na Lugome. Lakini siku hizi mimi ni mdomo tu, maneno yanakaa Chumbani. Na mdogo wangu, huyu tuliyemlea kwa shida, leo hii wamemchukua kwenye nafasi ya mumeo pale tanurini. Chumba kimeiandika kwenye Mafanikio. Nitapingana nao vipi?"

"Sikukwambia upingane nao. Hicho chumba kiko wapi, nikapige hodi?"

Alifika getini kwa Kampuni Kuu. Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Chumba cha Habari hakina mlango, mama. Kiko mtandaoni. Hodi inapigwa hukohuko."

*

Hodi ilipigwa kwa simu ya Chausiku, yenye kioo kilichopasuka, kati ya karai na ndoo ya unga. Chumba kiliwasalimu kwa muziki. Kisha kikauliza: wewe ni nani? Na chini kikaweka majibu ya kuchagua: Mwandishi wa Habari. Mwekezaji. Mshirika wa Maendeleo. Mpenzi wa Sukari.

"Mjane hakuna?" Mashavu aliuliza.

"Nimetafuta mpaka chini. Tujaribu Mpenzi wa Sukari."

Wakajaribu. Kikatokea kipande cha sukari chenye miguu, kikacheza, kikawaachia maelezo ya kupika keki ya nazi.

"Ona balaa hili," Chausiku alisema. "Mwandishi siwezi kubonyeza, tutafungwa. Sasa tuseme mwekezaji?"

"Mimi nimewekeza nini kwao, Chausiku?"

Chausiku alimtazama rafiki yake, kisha, upande wa pili wa ua, akautazama mlango wa nyumba alimolazwa Mbaruku. Alibonyeza.

Kitumbua kilichokuwa karaini hakijageuzwa, simu ikaita. Gari lilikuwa njiani.

*

Ofisi ya Bwana Anselmi Pambazuko, Mkurugenzi wa Furaha, Sifa na Mawasiliano, ilikuwa na baridi ya kutetemesha. Mashavu aliionea wivu baridi ile. Aliitazama sakafu, akapima kwa macho, akaona Mbaruku angeenea pale vizuri.

"Karibu, mwekezaji wetu mtukufu!" Pambazuko alisema, akainuka na suti yake yote. "Kampuni Kuu inajivuna kuvunjwa miguu na ujio wako, yaani, kupigwa butwaa la heshima. Tukupe nini? Juisi? Soda?"

"Nipe barafu, baba."

"Barafu na nini?"

"Barafu peke yake. Nyingi."

Akacheka, maana aliona matajiri wana mambo yao. "Na umewekeza kitengo gani, mama yangu?"

"Tanurini. Nimemwekeza mume wangu, Mbaruku. Amekufa kwenye uzinduzi wenu. Nataka redio iseme Mbaruku amekufa, mama yake asikie, aje tumzike. Sina jingine."

Pambazuko hakukasirika. Alikuwa amesomea kutokasirika, ng'ambo, kwa gharama za Kampuni. Alikaa chini taratibu, akaunganisha vidole.

"Mama, nakupa pole… hapana. Pole siwezi kukupa, pole ni kukiri. Nakupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya jumla."

Pambazuko akaona amefika mahali pazuri, akaendelea kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya msalani.

"Nielewe, mama. Chumba kimekwisha sema hakuna aliyeumia. Leo nikisema yuko aliyekufa, nitakuwa nimesema Chumba kimeongopa. Kikiongopa kwa moja, watu watakwenda kuliangalia daraja. Wakiliangalia daraja, watamwangalia Waziri. Nchi ivunjike kwa ajili ya mtu mmoja wa makapi?"

"Mimi sivunji nchi. Nataka kuzika. Barafu inayeyuka, baba."

Neno lile la barafu lilimgusa, au labda alikumbuka kwamba jua ni kali na harufu haisomi sheria. Alivuta kompyuta, akaandika: Mbaruku amefariki. Mashine ikapiga kelele kama bata aliyekanyagwa, na neno likawa jekundu.

"Unaona? Hata mimi sina ruhusa. Amekufa, bata. Marehemu, bata. Msiba, mazishi, jeneza, bata, bata, bata. Lakini Kiswahili ni kipana, mama." Akaandika, akasoma kwa sauti: "'Mbaruku wa Bi. Siwema, mchochea tanuri hodari, amehitimisha utumishi wake katika Kampuni Kuu. Ndugu zake wote wa ng'ambo ya mto, hususan mama mzazi, wanaalikwa nyumbani kwake Mvukeni katika shughuli ya kumuaga.' Mashine imenyamaza! Na hamna uongo hata punje."

"Na 'amekufa' liko wapi?"

"Limo, mama. Limekaa kwa adabu."

Kisha akataja masharti. Kampuni italeta turubai, viti, na mpiga picha wa kuionyesha shughuli Chumbani moja kwa moja. Neno lile lenyewe lisitamkwe mbele ya kamera. Likitamkwa, turubai litang'oka, na nyumba aliyokuwa akiishi Mashavu ni ya Kampuni, hilo asilisahau.

Mashavu alifikiri habari ya mlango, na ya mtu aliyesimama mlangoni haingii wala hatoki. Akakubali. Alipotoka alipewa ndoo ya barafu yenye nembo.

*

Lugome alilisoma tangazo baada ya wimbo wa sukari. Alilisoma kwa sauti ileile aliyowasomea wafu miaka yote, lakini maneno hayakuwa ya kilio, na watu husikia maneno.

Basi wakaja. Wakavuka mto kwa mitumbwi pembeni ya daraja zuri, wana ng'ambo wote, na ngoma, na mbuzi, na jogoo mwekundu amefungwa utepe. Walikuwa wamesikia ndugu yao amehitimisha. Mjomba mmoja alikuja na wanawe wavivu wote, kwa vile nafasi imekuwa wazi. Na mbele yao alitembea Bi. Siwema mwenyewe, kanga mpya inalia, amejitwisha kiti cha ukindu alichokisuka kwa mkono wake.

"Miaka yote amesimama mbele ya moto," alikuwa akiwaambia wote njiani. "Sasa atakaa. Nimemletea pa kukaa."

Alikiweka kiti chini ya turubai, mbele kabisa, akakipangusa vumbi. Mpiga picha akakipiga picha. Pambazuko alisimama pembeni na meno yake.

"Mkamwana!" Bi. Siwema aliita. "Mbona unanijia kwa hatua za kinyonga? Mwenye shughuli yuko wapi? Anaoga nini mpaka saa hizi, au kustaafu kumempa madaha?"

Mashavu alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Kamera iliwasogelea. Alifungua mdomo, akauona uso wa Pambazuko ukitikiswa kidogo, kushoto, kulia.

"Mama," alisema, "kitendawili."

"Saa hii? Wewe mtoto! Haya, tega."

"Kaondoka asubuhi kwa miguu yake, karudi mchana kwa miguu ya wenzake."

Watu wakachangamka. "Mlevi!" akasema mjomba. "Bwana harusi!" akasema mwingine. "Mbunge!" sauti ikatoka nyuma. "Juzi si tulimbeba?" Wakacheka, ngoma ikadunda kidogo.

Bi. Siwema hakucheka. Alikuwa anatazama chini. Kutoka chumba cha ndani, chini ya mlango, maji yalikuwa yanatoka, membamba, safi, yanakatisha ukumbi polepole, yanatokea nje, yanaufuata mguu wake. Yalipoufikia, akakiondoa kidole. Yalikuwa ya baridi. Akainua macho, akakitazama kiti chake cha ukindu, akamtazama mkamwana wake aliyepiga magoti.

Yule mama aliwahi kushindwa kitendawili lini? Ng'ambo nzima hakuna aliyekumbuka.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji."

"Mila zetu hizo!" Pambazuko akapiga makofi. "Piga, piga picha hapo!"

"Nikupe mji gani, mkamwana? Nakupa Mvukeni. Uchukue wote. Uchukue na kinu chake na moshi wake. Uchukue na hicho chumba chao ninachokisikia kisicho na mlango. Umeupokea?"

"Nimeupokea, mama."

"Basi sheria unaijua."

Wote waliijua, hata watoto wa nchi ile waliijua kabla ya kujua kuhesabu. Ukishindwa kitendawili unatoa mji. Na aliyepewa mji ni lazima alitaje jibu kwa sauti, watu wote wasikie. Asipolitaja, ni mwizi wa mji.

Makofi ya Pambazuko yalikatika. "Mama Mashavu," alisema kwa tabasamu lililokauka, "kumbuka turubai."

Mashavu alisimama.

"Maiti," alisema. "Jibu ni maiti, mama. Ni Mbaruku wako. Alirudi kwenye mkokoteni. Amekufa."

*

Turubai liling'olewa wakati kilio kinapanda. Wafanyakazi wa Kampuni walikuwa na haraka, waling'oa nguzo katikati ya watu waliokuwa chini wanagaagaa, wakivuta kamba kwa kusema samahani, samahani. Jua likawamwagikia wote. Walimzika Mbaruku jioni ileile. Bi. Siwema alitupa udongo wa kwanza, kisha akakichukua kile kiti cha ukindu na kukipindua juu ya kaburi.

Chumbani, habari ilikuwa imekwisha panda: "Kampuni Kuu yadhamini mashindano ya vitendawili Mvukeni. Bi. Mashavu aibuka kidedea, mama mkwe alia kwa furaha. Mshindi kuzawadiwa gunia la sukari." Na picha ilikuwepo, Bi. Siwema kinywa wazi. Ukiitazama bila kuambiwa, ungeweza kweli kusema anacheka.

Gunia lililetwa na mlinzi wa getini. Alilitua, akasimama, akasema amri nyingine aliyopewa: nyumba inatakiwa, kabla ya matanga kuanuliwa. Hakumtazama Mashavu usoni. Chausiku akasema, "Kwangu kuna nafasi, mwambie aliyekutuma," akaburuta lile gunia jikoni, maana waliokuja walikuwa wengi na chai ilikuwa jikoni tayari. Sukari ni sukari.

Alipoanza kuchota, Bi. Siwema alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Sukari hii," aliuliza, "imepikwa kwa moto uliochochewa na nani?"

Mmoja mmoja wakafunika vikombe. Wakainywa chai ile hivyohivyo, ya rangi, chungu, imekaa jikoni tangu mchana. Watoto walikunja nyuso, wakanywa.

"Nisikilizeni wana ng'ambo," Bi. Siwema alisema. "Redio nimeiacha leo. Kuanzia sasa mkiwa na msiba, msinitumie mtu wala tangazo. Mtu yeyote anipe kikombe cha chai isiyo na sukari. Nitaelewa."

Walivuka mto, wakaondoka na neno hilo. Na neno la mama kama yule halikai mahali pamoja. Kabla ya miwa kukatwa tena, nchi ile ilikuwa imejifunza. Ukienda kwa mtu ukapewa chai chungu, huulizi kwa nini, unauliza nani. Unatajiwa jina. Unarudi kwako, unamimina kikombe kisicho na sukari, unampa jirani. Hakuna umbea hapo, hakuna aliyesema neno. Sheria ingemfunga nani, kikombe?

Chumba kiliona pia, kikaandika: "Wananchi wajali afya, wapunguza sukari. Kampuni Kuu yajivunia." Bwana Pambazuko alipewa tuzo kwa hilo, na picha yake akiikumbatia tuzo ipo hadi leo, ya bure.

*

Mashavu sasa alikuwa anageuza vitumbua kwa Chausiku. Yule mdogo wa Lugome, aliyepewa nafasi ya Mbaruku tanurini, alipita kila asubuhi kwenda kinuni, ananunua viwili, analipa, anasema, "Shemeji, leo tanuri linakohoa tena. Nimewaambia. Wamesema wataliandika." Kisha anaondoka kwa miguu yake.

Siku moja kishindo kikapiga. Kuku wakaruka. Chausiku akaikamata simu kwa mazoea ya zamani.

"Uzinduzi," alisoma. "Wameandika uzinduzi mwingine, wa mafanikio makubwa kuliko…"

Mashavu hakungoja amalize. Uso alikwisha ugeuza kwenye wingu jeupe. Mtaa wote haukutoa hata kigelegele kimoja. Aliliondoa kopo la sukari mezani, akalifunika, akainjika birika. Mkokoteni ulipopita mbele ya ua, na magunia juu yake, akasoma nyuso za waliousukuma, akaliona pengo. Akamimina chai. Vikombe vikaanza kutembea, mtaa wa kwanza, mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara, hadi jikoni kwenye jengo la redio, ambako mama wa chai alionja kimoja, akafumba macho, akamimina kingine, akakibeba kwa mikono miwili.

Lugome alikuwa hewani. Sauti yake ya maziwa ilikuwa imekwisha soma njia mpya ya mvuke, na furaha isiyo kifani, na picha za kupakua. Alisoma, "Hakuna aliyeumia," akanyoosha mkono kwenye kikombe kama siku zote, akapiga funda moja.

Nchi nzima ikasikia kikombe kikitua mezani. Ng'ambo ya mto Bi. Siwema hakuwa na redio tena, lakini jirani yake alikuwa nayo, na watu waliokuwa wakipepeta waliacha kupepeta.

"Nani?" Lugome aliuliza.